Mtoto wa Diski ya Pili

Diski ya pili ilianza tabia ya kutoweka mchana kweupe. Fundi akiitazama kwenye skrini, ipo. Akigeuka kuchukua chai, haipo. Akikaa tena kitini, imerudi, na haijielezi, kama mume aliyelala nje.

Studio ya picha ilikuwa ya shangazi yake. Chumba cha mashine kilikuwa bafu hapo zamani. Beseni la kunawia lilibaki ukutani, bomba lake limekatwa maji, na kando yake ndipo ilipowekwa mashine iliyohifadhi picha za wateja wote. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, na programu iliyoandika kila picha kwenye zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Shangazi aliziita pacha.

Fundi hakuwa mjinga, tumpe haki yake. Alibadilisha waya, haikusaidia. Akaichomoa diski ya pili, akaichomeka kwenye mashine nyingine, ikafanya kazi kutwa nzima bila kukohoa. Hapo akajua diski haina kosa; mgonjwa ni kadi ya kontrola, ile inayozishika diski na kuziunganisha na mashine. Akatafuta kadi nyingine bila haraka, na siku zote hizo picha mpya zikawa zinaandikwa kwenye diski ya kwanza peke yake. Ya pili ikabaki nyuma.

Kadi aliipata nyumbani kwake. Kulikuwa na mashine iliyoletwa na mteja, mteja akapotea moja kwa moja, na mafundi wote wanajua mwisho wa mashine ya namna hiyo: inachinjwa vipuri. Aliyeileta alikuwa ametoa sharti moja. "Itengeneze tu," alisema, "lakini usiiwashe." Fundi alikuwa amecheka sana siku ile.

Akaifunga kadi. Diski zote mbili zikaonekana, na programu ikasubiri kuambiwa ipi inakiliwa kwenda ipi. Karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa kila diski ingemwonyesha ipi ni ipi, lakini kuisoma kulitaka azichomoe, na shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Mama wa yule mtoto tuliyempiga picha kabla hajafariki amekuja," alinong'ona. "Wamemaliza msiba. Anataka picha zake. Simu yake iliibiwa, hana nyingine hata moja."

"Naja, shangazi. Nipe dakika chache."

Akaamuru: ya kwanza iende kwa ya pili. Ila kadi ile ngeni ilizihesabu diski kinyume. Aliyoidhani ya kwanza ilikuwa ya pili, na picha zake za zamani zikamwagika juu ya diski iliyojaa, zikafuta kila kilichopigwa tangu siku ugonjwa ulipoanza. Alipofungua kutafuta faili la mtoto, halikuwepo.

Alitoka hadi kaunta. Mama yule alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba umekumbatiwa mapajani.

"Umeme umeyumba, mama," fundi alisema. "Njoo kesho, zitakuwa tayari."

"Asante, fundi. Nimeshazoea kusubiri."

Asante ile ilimchoma. Ukweli ulikuwa mdomoni, akaumeza.

Kesho yake alipofungua bafu alikutana na harufu ya poda ya watoto. Faili la mtoto lilikuwa limerudi. Ndani yake picha moja: mtoto ameketi kwenye kigoda cha studio, kawapa watu mgongo. Shangazi hajawahi kumpiga mtu picha ya mgongoni tangu aanze kazi hiyo. Fundi akaifunga, akaifungua tena, na safari hii kichwa kilikuwa kimegeuka kidogo, sikio na ncha ya shavu vinaonekana, na katika beseni lile kavu kukaanza kudondoka maji, tone kwa tone, na diski ya pili ikawa inagonga kwa mwendo ule ule wa matone, naye akataka kuinuka akimbie lakini akamkumbuka mama aliyekuwa njiani anakuja, akabaki pale pale kitini, akaifunga na kuifungua, akaifunga na kuifungua, huku kitu kinapumua kwa pumzi fupi fupi chini ya beseni, mpaka uso ulipomgeukia wote, mzuri, msafi, unacheka.

Shangazi aliinamia skrini. "Siku ile tulimbembeleza hadi tukachoka, hakufungua kinywa," alisema polepole. "Hapa anachekaje?"

"Alicheka mara moja, shangazi. Hukuona."

Akaichapa. Mama akaipokea, akaitazama sana bila kulia, akaitia mkobani. Fundi alijua anachokifanya. Alijua vizuri kabisa, na akamfungulia mlango.

Tangu hapo diski haikutoweka tena. Bafu likatulia, na fundi akawa ndiye asiyetulia. Kila mtoto aliyepandishwa kwenye kigoda alimfanya atazame pembeni. Mwishowe akamweleza shangazi yote. Shangazi hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alikwenda kumleta mganga.

Mganga alisimama bafuni, akanusa, akatikisa kichwa. "Jini lilikuwepo, lakini limetoka kwa mlango wa mbele, limebebwa, tena kwa ruhusa. Hapa sina cha kufukuza." Akamgeukia fundi. "Ulimpa nani?"

Alasiri hiyo hiyo fundi alibisha hodi kwa mama wa mtoto. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Mama, ile picha si ya mwanao," alisema. "Zake nilizifuta mimi. Haukuwa umeme. Nisamehe. Nirudishie nikaichome."

"Nilijua nikiwa pale pale kaunta," mama alijibu kwa sauti ya chini. "Mwanangu alikuwa na pengo hapa mbele." Akagusa jino lake. "Huyu ana meno yote."

"Sasa mbona uliichukua?"

"Ungenipa nini kingine?"

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani kitu kilitembea peku sakafuni, na harufu ya poda ikawafikia mlangoni. Mama hakugeuka.

"Ongea taratibu," alisema. "Tangu jana ananiuliza baba atakuja lini. Nikamuuliza, baba yupi, mwanangu?" Akausukuma mlango, ukafunguka wote. "Akasema, fundi."