Mashine Haikuwa Mbovu

Maiti ya Mukankusi ilikuwa kitandani, shingo imevimba kama ya mtu aliyekabwa, ngozi nyekundu hadi kifuani. Uani, majirani wa kijijini Rugerero walikuwa wamemzunguka mumewe, Sebagabo. Mmoja alishika mpini wa jembe.

"Amemnyonga!" alifoka Iribagiza, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Nilimsikia mwanamke akikoroma kama anayechinjwa!"

Inspekta Mwiza alimtia Sebagabo pingu, kwanza ili kumwokoa na mpini ule. Lakini moyoni alikwisha kumhukumu. Alishaona wake wengi waliouawa vitandani mwao.

Kituoni alimkalisha mbele yake.

"Ulimfanya nini?"

"Afande, mi sikumugusa. Alikuwa na uchungu ya jino."

"Jino! Ulimpeleka kwa daktari gani?"

Sebagabo aliinamisha kichwa.

"Nijibu!" Mwiza alipiga meza.

"Munifunge tu."

Alasiri daktari aliyeifanyia maiti uchunguzi alipiga simu. Shingo haikuwa na alama za vidole, wala mfupa uliovunjika.

"Gego limeoza, Inspekta. Uambukizi ulishuka shingoni, uvimbe ukaziba njia ya hewa. Na hakuna aliyeligusa hilo gego. Jingine, na hili ni siri: alikuwa na virusi vya UKIMWI. Dawa alikunywa vizuri, virusi vimelala kabisa. Kilichomuua ni jino."

Mwiza alirudi, akafunga mlango, akamfungua Sebagabo pingu.

"Daktari ameniambia yote. Sitaitangaza siri yake."

Hapo mwanamume yule alilia kwa sauti.

"Aliniapisha, afande. Hata mama yake hajui. Mutu aliambia ni munganga ya meno tu, Rukundo, kule mujini. Alisema, 'Acha nimuambie ukweli, ni haki yake kujua.' Munganga akasema mashini imekufa. Wiki yote tulirudia, tukarudia. Kila siku mashini imekufa!"

"Kwa nini hamkwenda kwingine?"

"Alikataa. Alisema, 'Nikisema tena, watanifukuza tena.'"

Mwiza alitoka bila kuaga. Hasira aliyokuwa amemwekea Sebagabo ilikuwa imempata mwenyewe.

Kliniki ya Rukundo ilikuwa karibu na hoteli za ziwani. Mashine ilikuwa ikivuma, mgonjwa kakodoa macho kitini. Mwiza alimwomba mgonjwa asubiri nje.

"Wiki iliyopita mashine hii ilikuwa mbovu?"

"Ndiyo, Inspekta," alijibu Rukundo. "Umeme wetu unaujua."

Mwiza alimgeukia msaidizi wa kliniki, Teta. "Dada, ni kweli?"

Teta aliitazama sinia ya koleo. 

"Haijawahi kuharibika, afande."

"Nyamaza, Teta!"

"Nyamaza wewe!" Mwiza alisema. "Mukankusi amekufa. Gego lile lile limemuua."

Rukundo aliketi kwenye kiti cha wagonjwa wake.

"Vyombo unavitakasa?"

"Baada ya kila mgonjwa."

"Glavu unavaa?"

"Kila mara."

"Kwa hiyo ulijua hangekudhuru, wewe wala mwingine."

"Nilijua."

"Uliuona uvimbe?"

"Niliuona."

"Basi kwa nini?"

"Wateja wangu ni watu wakubwa. Wageni wa hoteli, matajiri wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Wangesikia amekaa kiti hiki, wangehama wote. Sikutaka afe, Inspekta. Nilitaka aende zake tu."

"Na kama angekaa kimya?"

Rukundo alifumba macho. "Ningeling'oa siku ile ile."

"Shenzi! Wangapi wamekaa kimya ukawatibu, ukala, ukalala? Huyu kakupa ukweli, ukampa kaburi!"

Alimfunga pingu kwa kosa la kumnyima msaada mtu aliye hatarini, akampitisha katikati ya waliokuwa wakisubiri. Mzee mmoja aliyejishika shavu alisimama.

"Afande, daktari kafanya nini?"

Maneno yalimjaa Mwiza kinywani, yakimchoma. Akayameza yale yaliyokuwa siri ya Mukankusi.

"Kamfukuza mgonjwa wa jino mpaka akafa," alisema. "Kwa sababu ya pesa zenu."