Kushoto Mia, Kulia Thelathini

Fundi na dada walikutana kwenye kaunta ya duka la kompyuta, ghorofa ya chini, mchana watu wamejaa. Dada alivaa gauni la njano, hedifoni shingoni, kompyuta kaikumbatia.

"Fundi, hii inakwaruza, na upande wa kushoto sauti inafifia. Mimi nachapa rekodi za mahakama. Nikikosa neno moja, mtu anafungwa."

"Basi tuwahi kabla jela haijajaa." Fundi aliiwasha. "Kumbe unatumia Linux, si Windows?"

"Aliniwekea kaka yangu, akasafiri. Usinicheke."

"Sikucheki. Nimefurahi."

Fundi alifunga kadi mpya ya sauti, akaiamuru Linux ipeleke sauti huko, isiende tena kwenye ile ya zamani. Akasikiliza mwenyewe. Mkwaruzo umeisha, pande zote sawa. Akamrudishia hedifoni.

"Kulia, raha tupu. Kushoto bado hafifu."

Fundi akazigeuza hedifoni, ya kulia ikaenda kushoto. "Na sasa?"

"Kushoto vilevile."

Hapo akajua. Kadi nzima, hedifoni nzima. Tatizo ni sikio. Alipaswa kusema palepale, kwa maneno machache, basi. Badala yake alifungua mipangilio ya sauti, akapandisha kushoto, akashusha kulia. Dada akatabasamu, naye akalipenda lile tabasamu kuliko ukweli.

Wakapendana miezi minne. Dada akilalamika, fundi anapandisha tena. Wakitembea, fundi anahamia kulia kwake.

"Mbona unanizunguka kama mlinzi?"

"Upande huu unapendeza zaidi, laazizi."

"Muongo mkubwa wewe!" Wakacheka wote.

Jumanne moja fundi alipiga simu. Dada alitaka kuandika kitu, akaihamishia simu kushoto. Kimya. Akairudisha kulia.

"...nakuja saa kumi, mpenzi. Mbona hujibu?"

Akaihamisha tena. Kimya. Akafungua mipangilio ya kompyuta. Kushoto mia, kulia thelathini.

"Wewe ulijua sikio langu la kushoto halisikii?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile dukani."

Akakata simu.

Daktari hakuzunguka. "Mshipa wa fahamu wa sikio umekufa. Ungekuja wiki za mwanzo tungejaribu dawa. Sasa hapana."

Wiki tatu dada hakupokea simu za fundi. Kisha akamwandikia ujumbe: *Njoo uiweke sawa kompyuta.*

Fundi alikuja na ndevu za siku nyingi, shati halijapigwa pasi. Akarudisha pande zote hamsini kwa hamsini. Dada akavaa hedifoni, akasikiliza shahidi mmoja hadi mwisho, machozi yakimdondokea kwenye kibodi.

"Kumbe ndivyo nilivyo."

"Nilitaka ufurahi."

"Ulitaka nisilie mbele yako. Nimelia peke yangu hospitali."

Fundi aliinamisha kichwa, akaketi kiti cha karibu. Kwa mara ya kwanza alisahau, akakaa kushoto kwa dada. Akaanza kusema yote, hofu yake, aibu yake, kwamba anataka kumuoa hata kama jibu ni hapana. Dada, shahidi mwingine akisikika kwenye sikio la kulia, aliendelea kuchapa.

Alipogeuka kuchukua leso, akaona midomo ya fundi inacheza, macho mekundu.

"Huko hakuna mtu," alisema, akivuta kwa mguu kiti cha upande wa kulia. "Zunguka, uanze upya. Na usipunguze kitu."