Pumzi za Zumaridi

Wanaosema mapenzi huanzia machoni, shauri yao. Haya yalianzia kwenye kikohozi, tena kikohozi cha paka, katikati ya soko la Matrah, Maskati, mwaka 1968, asubuhi ambayo watu wamebanana hadi mlangoni kwa muuza dawa.

Kheiria alikuwa kajifunika buibui jeusi, pindo la kanzu ya samawati likichungulia miguuni.

"Nataka dawa ya kifua," alimwambia mwenye duka.

"Ya nani?"

"Ya bibi yetu. Mtu mzima."

Nyuma yake sauti ya kiume ikauliza kwa Kiswahili cha Unguja, "Huyo bibi akikohoa hujikunyata chini akanyoosha shingo?"

Kheiria akageuka. Kijana mrefu, kanzu yake nyeupe imenyooka kwa pasi, kilemba cha rangi ya zafarani, na macho yake yanacheka.

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Na hatemi kitu?"

"Hatemi."

"Mkia anao?"

"We kaka huna adabu!"

"Buibui lako limejaa manyoya, dada. Mimi Marhoon, daktari wa wanyama. Nakagua mbuzi na ng'ombe wanaoshushwa bandarini. Paka sijaletewa hata mmoja. Watu wanaona haya."

Kheiria akacheka, na machozi yakamtoka humo humo. Akamweleza yote pale pale, mwenye duka akisikiliza bila aibu. Paka huyo, Zumaridi, alikuwa wa mama yake. Walipokimbia Unguja mwaka wa mapinduzi walimtia kikapuni wakapanda naye meli. Mama akafa mwaka ule ule waliofika Maskati. Zumaridi sasa mzee, amekuwa mifupa, na usiku anakoroma kama kisima kinachokauka.

"Akifa huyu, nyumba yetu ya kule imekufa yote," alisema Kheiria. "Nisaidie, kaka."

Alasiri Marhoon alifika. Khala Hamdiya, mdogo wa marehemu mama aliyekuwa akiishi na Kheiria, alikaa pembeni kulinda heshima ya nyumba. Daktari akamlaza Zumaridi mapajani, akamsikiliza kifua.

"Kila mtu ananambia uzee tu," Kheiria alisema.

"Uzee si maradhi. Mzee akihema hivi ana jambo, na mngeniita tangu kikohozi kilipoanza. Hii ni pumu. Nitamchoma sindano. Mtazame akilala: mbavu zikienda mbio, niite. Akiacha kula, niite. Akihema kwa mdomo wazi, au ulimi ukigeuka buluu, usingoje hata kumaliza kikombe cha chai. Na moshi marufuku. Si udi, si ubani, si makaa ndani."

Khala Hamdiya alishika kidevu. "Nyumba bila ya udi? Si banda la mbuzi hilo!"

"Basi ndiyo nitajihisi niko kazini, khala," alisema Marhoon, na hata mama huyo akashindwa kununa.

Jirani yao Bi Shaikha alikuwa na simu. Ikawa kila alasiri inalia, na Kheiria anavuka ua mbio.

"Mgonjwa wangu hajambo?"

"Kala samaki. Hakohoi."

"Na muuguzi wake?"

"Muuguzi ana homa."

"Homa gani tena, mpenzi?"

"Ya kungoja simu, we mwanamume! Kata, Bi Shaikha anasikiliza."

Zumaridi akanenepa kidogo. Marhoon akatuma posa.

Na hapo ndipo walipoharibu, hawa wapenzi wangu. Mama yake Marhoon, Bi Mahfoudha, angekuja na wanawake wa ukoo kumtazama bibi harusi. Khala Hamdiya akatoa chetezo cha kufukizia udi.

"Khala, daktari kakataza!"

"Daktari mwanamume, anajua nini? Mama mkwe aingie hapa asikute harufu? Watasema tulikuja uchi na uchi tumebaki. Mfungie paka chumba cha nyuma. Saa moja tu, mwanangu."

Kheiria alimtazama Zumaridi, akajitazama kwenye kioo na hina yake mbichi. Alitaka apendwe. Akambeba paka, akamfungia, na makaa akayapuliza kwa mdomo wake mwenyewe.

Wageni walikuja na hariri na dhahabu. Halua ikaliwa, kahawa ikamiminwa, moshi ukajaa ukumbi hadi kwenye dari. Bi Mahfoudha akatabasamu. "Nyumba ya watu hii," alisema.

Kheiria hakusikia. Katikati ya vicheko alisikia mkwaruzo kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kisha hakusikia kitu. Akainuka, akaenda kufungua. Zumaridi alikuwa kalala kifudifudi, viwiko vimetanuka, mdomo wazi, ulimi buluu.

Alirudi ukumbini mbio, akanyakua jagi la maji, akalimwaga lote juu ya chetezo. Majivu yaliruka hadi kwenye hariri za wageni.

"Astaghfirullah!" Bi Mahfoudha alisimama. "Udi wa posa unauzima mbele yangu? Nuksi gani hii!"

Kheiria alikuwa keshafika kwa Bi Shaikha, kashika simu. "Marhoon! Marhoon, anakufa! Mdomo wazi, njoo, njoo!"

Land Rova ya daktari ilifika wageni wakiwa bado wanatafuta viatu. Marhoon alimpita mama yake kwenye ngazi bila salamu. Alimkuta Kheiria juu ya paa tambarare la nyumba, kampakata paka kwenye upepo. Akachoma sindano, akangoja, akachoma nyingine. Mbavu zilipanda, zikashuka, zikapanda kidogo. Hazikupanda tena.

"Nani kafukiza?"

"Mimi," alisema Kheiria. "Nilitaka mama yako anipende. Nimemuua kipenzi cha mama yangu nipate mume. Nenda zako, Marhoon. Sikutaki, na nafsi yangu siitaki."

Marhoon alipiga magoti.

"Nilijua mtafukiza," alisema. "Posa gani isiyo na udi? Ilikuwa nimwambie mama, nikaona haya. Mwanamume mzima, amwambie mama yake asitarajie udi kwa ajili ya paka! Nikanyamaza. Tumemuua wote wawili, Kheiria. Usiubebe mzigo huu peke yako."

Bi Mahfoudha alikuwa mlangoni mwa paa, anahema kwa ngazi. Alikuwa kamfuata mwanawe kujua jambo gani limekuwa kubwa kuliko salamu ya mama.

"Paka wa nani huyu?"

"Wa marehemu mama yangu, bibi. Tulitoka naye Unguja."

Mama huyo akakaa chini vumbini na hariri yake.

"Miye Unguja sikutoka na kitu," alisema. "Hata kuku. Marhoon, nenda ukamchimbie kaburi."

Marhoon alipoinuka, Kheiria alimshika upindo wa kanzu.

"Urudi," alisema.

"Narudi."

"Na wewe njoo hapa, mwanangu," Bi Mahfoudha alisema, akimfungulia mikono. Kheiria akajitupa humo, na baada ya miaka minne ndipo akamlilia mama yake.