Mikono ya Baba

Mashine ya kusaga ilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala. Ikiwaka, sufuria zilicheza kabatini. Kwa zile kelele, watu pale waliongea kwa mikono. Kusugua vidole: saga laini zaidi. Kushusha viganja: zima.

Binti wa msagaji alikuwa na miaka minne na hajasema neno. Mashine ikiwashwa tu, alipiga mayowe, akamwaga unga, akang'ata aliye karibu. Majirani walimwita Bondia.

"Anatupanda kichwani," alisema baba, na kofi likafuata. Siku nyingine alimfungia chumbani, chumba kile kile kinachotikisika. Kilio kikazidi. "Unaona? Jeuri tupu!"

Siku moja alikuja mteja na ndoo yake ya mahindi, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Akamwona Bondia amejikunyata nyuma ya magunia, ameziba masikio. Mama alipomvuta atoke, akamng'ata mkono. Mwalimu alingoja mashine izimwe.

"Kaka, mtoto wako anaongea."

"Anaongea? Dada yangu, huyu hajaniita hata baba! Namchapa, bado anang'ata tu."

"Anaongea kwa meno. Kwanza ameziba masikio, umeona? Kelele zinamuumiza. Hana njia ya kusema 'basi', ndiyo maana anang'ata. Wewe unamchapa kwa sababu ameumia."

Baba alitaka kubisha. Mwalimu akaendelea.

"Mpelekeni kliniki, wamwangalie masikio na ukuaji wake. Hakuna aliyemroga, wala mama yake hakukosea. Ila msikae kungoja majibu. Mfundisheni kuongea kwa mikono."

"Tutajulia wapi sisi?"

Mwalimu akacheka. "Na hapa mchana kutwa mnafanya nini?"

Mke akamtazama mumewe. Waliongea kwa mikono na kila mtu aliyeingia na ndoo, isipokuwa mtoto wao.

Jioni baba alichuchumaa mbele ya binti yake. Akainua mikono amwonyeshe ile ishara ya kuzima. Mtoto akajikunja, akafunika kichwa.

Alidhani ni kofi.

Chakula cha baba kilipoa siku hiyo. "Mikono hii," alimwambia mkewe, "hajaijua kwa kingine ila makofi."

"Basi ianze kumwambia mengine," mkewe akajibu. Hakumpoza zaidi ya hapo.

Kliniki walisema masikio yake ni mazima, na kwamba ana usonji. Wazazi wakahamishia kitanda chake chumba cha mbali. Kabla ya kuwasha mashine, mama alimwonyesha ishara, kisha akamtoa nje. Maji, kula, basi: kila neno walilitamka na kulionyesha kwa mkono, bila kufoka. Muda mrefu hakujibu. Aliendelea kung'ata, ila si kama zamani.

Asubuhi moja alisimama mlangoni, mashine ikinguruma, foleni imejaa. Akashusha viganja.

Baba akazima.

"Vipi, umeme umekatika?" mteja mmoja akauliza.

"Hapana," alisema baba, akijifuta macho kwa mkono wenye unga. "Bosi kasema zima."

Watu wakacheka. Mtoto akaja, akakaa juu ya gunia, kimya. Baba alitamani kumkumbatia. Hakuthubutu. Akakaa kando yake, mikono ameiweka mapajani, mahali mtoto anapoweza kuiona.