Kioo cha Jicho la Rehema

Kabla ya vita, asubuhi za mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, zilinukia samaki. Bushira alikausha samaki wa mikebuka kwa moshi, binti yake Rehema akiwa ubavuni. Moshi ukiwachoma macho, alimwambia kama alivyoambiwa na mama yake: "Fikicha sana, moshi utoke na machozi." Wakafikicha, wakachekana. Ee, siku zile zilikuwa tamu jamani!

Vita vikawatupa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, Tanzania. Mwaka 1999 mama na binti walirudi Baraka. Baba yake Rehema alibaki kambini na watoto wadogo. Alituma barua, Rehema akamsomea mama yake, maana Bushira hakujua kusoma. Msichana alipofika miaka kumi na saba, barua zilianza kumshinda.

"Mama, siko naona muzuri. Kila herufi iko na kivuli."

"Fikicha tena, mutoto yangu."

Alifikicha kwa ngumi. Wapi! Bushira akaogopa kweli. Sauti ya mume wake ataisikia kwa nani?

Wakaenda kwa Jérémie, muuguzi wa kituo cha afya. Alimchungulia Rehema mbele na pembeni.

"Mama Rehema, hii si moshi tu. Mbele ya jicho kuko kioo chembamba, jina lake konea. Ya Rehema inakonda, inachongoka polepole."

"Nani alimuloga?"

"Hakuna muntu. Inaanzaka kwa ujana, sababu yote hatujue. Lakini kufikicha kunaizidisha."

"Mungu wangu! Ni mi nilimufundisha!"

"Haukujua, mama. Muache kufikicha tangu leo. Macho ikiwasha, weka kitambaa cha maji baridi, na dawa hii ya matone. Akae mbali na moshi. Vita ikitulia na barabara ikifunguka, mufike Bukavu kwa dokta wa macho. Miwani ikishindwa, kuko lensi ngumu za kuvaa juu ya jicho. Haziponyeshe, lakini zinasaidia kuona."

Tangu hapo Rehema akiinua ngumi, Bushira aliidaka, hata kanisani. Mwaka 2003 wakafika Bukavu. Daktari alipima: konea imechongoka, lakini haina kovu. Miwani haikutosha, kwa hiyo lensi ziliagizwa mbali, zikachukua miezi.

Siku alipozivaa, Rehema alisoma barua ya baba yake yote bila kukwama. Kisha akamtazama mama yake, akamtazama tena.

"Mama! Kumbe uko na mvi? Tangu lini?"

"Tangu barua zilianza kukushinda, mutoto yangu," alisema Bushira. "Ulikuwa hauzione tu."