Sauti ya Pili Katika Santuri

Santuri ile ilikuwa na sauti mbili, na kibandiko chake kilitaja mwimbaji mmoja tu.

Matano Mwidani aliisikiliza mara tatu barazani kwake mtaa wa Shika Adabu, akizungusha gramafoni kwa mkono. Mwaka wa sitini na moja yeye ndiye aliyekuwa akipima santuri mpya za tarabu katika gazeti la kila Ijumaa. Waimbaji walimwogopa. Sikio alikuwa nalo, hilo simnyimi. Lakini huruma, wallahi, sijui aliiacha wapi. Kulikuwa na bibi mmoja wa Utange aliyeacha kuimba kabisa kwa maneno yake. Matano alicheka tu, akasema ameupumzisha mji.

Juu ya santuri hii aliandika: "Mwimbaji si haba. Lakini nyuma yake kuna mtu alia kama mbuzi aliyekabwa. Afukuzwe."

Ijumaa gazeti likatoka. Jumamosi asubuhi mkewe, Mwanasaumu, akikuna nazi uani, akaanza kuimba.

Matano alishtuka. Miaka kumi na mitano ya ndoa, Mwanasaumu hakuthubutu kuimba mbele yake, hata kumbembeleza mtoto.

"Mwanasaumu!"

"Abee," aliitika mkewe kwa woga. Na huku akiitika, wimbo uliendelea kifuani mwake, haukukatika. "Si mimi, mume wangu. Wallahi si mimi."

Ilikuwa sauti ile ya pili.

Siku nne wimbo haukunyamaza, tangu adhana ya alfajiri hadi watu wamelala, na nyumba ikajaa harufu ya nywele zinazoungua ingawa jikoni hapakuwashwa moto, na kila tonge alilotiwa Mwanasaumu mdomoni lilitoka na damu, na majirani waliokuja kumpa pole waliishia mlangoni, wakaziba masikio, wakarudi makwao bila kuaga.

Jumatano baada ya alasiri akaletwa Bi Mwanatabu, mpunga pepo. Alimfunika mgonjwa kwa kanga, akafukiza ubani, akauliza kama desturi, kwa sababu jini haondoki mpaka apewe alitakalo.

"Wataka nini, bwana mkubwa? Pete? Nguo nyekundu? Twambie."

"Sitaki pete," jini akajibu kwa kinywa cha Mwanasaumu. "Nimetukanwa gazetini. Mtu huyu anisikilize tena, aseme neno lake."

Bi Mwanatabu akamwinamia Matano sikioni. "Baba we, rahisi hivyo! Msifu. Sema ameimba vizuri, aridhike ashuke. Usiongeze hata neno moja."

"Haya," Matano akanong'ona.

Jini akaimba. Subhanallah, aliimba! Bi Mwanatabu mwenyewe alifuta machozi. Damu ilimchuruzika Mwanasaumu kidevuni, na macho, ambayo bado yalikuwa yake, yalimng'ang'ania mumewe. Katikati ya wimbo midomo yake ikachezacheza.

"Sema tu, mume wangu. Nakufa."

Wimbo ukaisha.

"Vizuri," Matano akasema. "Vizuri sana."

Bi Mwanatabu alikwisha kunyanyua chetezo cha ubani amtoe jini. Matano alijiuma ulimi, jasho likamtoka, akakunja vidole vya miguu mkekani, na bado neno likamponyoka.

"Ila ubeti wa pili, pale juu, umeshuka kidogo."

Bi Mwanatabu akaweka chetezo chini polepole.

"Mwanamume we," akasema. "Umemuua mkeo."

Jini hakukasirika. Aliinamisha kichwa cha Mwanasaumu kwa adabu, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

"Ahsante," akasema. "Kweli, pale juu nimeshuka. Koo hili ni jembamba. Nitalipanua."

Kitu kikalia shingoni mwa Mwanasaumu, kikalia tena. Kisha jini akarudia ubeti wa pili, akapanda mpaka juu kabisa, na Matano, akimtazama mkewe anavyovimba shingo na kugeuza macho, Mungu amsamehe, alisikia kwamba safari hii amepatia.