Kijiji Kilichokataa Kuhama

Haya yalimpata bibi yangu Faida, mama wa baba yangu. Alinisimulia mwenyewe, mchana kweupe, akichambua mchele.

Wakati ule Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, ilikuwa inatoa vijiji msituni na kuvipanga kando ya barabara ya Kasongo na Kabambare, watu wahesabiwe na walime pamba. Kijiji cha bibi kilipewa siku mbili. Mume wake, Zuberi, alitaka wakatae. Bibi ndiye aliyesema, "Tuhame. Askari wana bunduki, sisi tuna watoto." Zuberi akamsikia, na wengine wakafuata. Walipoondoka, askari walichoma nyumba zote.

Kule barabarani maji yalikuwa mabaya. Mwezi wa tatu tangu wahamie, binti yao Amisa, wa miaka saba, akaharisha damu, akafa. Zuberi hakumlaumu mke wake kwa neno lolote. Aliacha tu kumtazama.

Asubuhi moja bibi alimwachia Zuberi mtoto mchanga, ndiye baba yangu, akarudi kijiji cha zamani kuchimba mihogo waliyoiacha. Jua lilikuwa kali. Alipovuka kijito alisikia kinu.

Mtu anatwanga.

Pale alipotazamia majivu palikuwa na nyumba. Zilezile, ila kuta zilikuwa na matundu ya risasi. Watu waliokaa vibarazani aliwajua wote. Walipomwona walishika midomo. Hakuna aliyeinuka.

Mbele ya nyumba yake, Amisa alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Alikuwa amerefuka kidogo.

"Baba," aliita taratibu. "Mama iko hapa."

Zuberi akatoka ndani. Alikuwa yeye, ila mkono wa kushoto haukuwepo. Na bibi alikuwa amemwacha barabarani asubuhi ileile, amempakata mtoto kwa mikono miwili.

"Faida," alinong'ona. "Nilikuzika mimi mwenyewe."

Akaonyesha kando ya nyumba. Kaburi. Majani yalikwisha kuota juu yake.

"Tulikataa kuhama. Askari wakapiga bunduki. Ulimufunika Amisa na mwili wako." Akatazama njia aliyokuja nayo bibi. "Kule unakotoka, tulihama?"

"Tulihama."

"Na Amisa?"

Bibi alitikisa kichwa. Zuberi akaelewa. Akamvuta binti yake nyuma yake.

"Rudi. Usimuguse. Rudi sasa hivi."

Lakini mtoto alikwisha kuchomoka. Akamshika bibi kifundo cha mkono. Vidole vilikuwa na joto, vya mtu mwenye afya.

"Mama, baki."

Bibi alipiga magoti. Akanusa nywele zake. Aliniambia bila kuficha: alitaka kubaki. Kisha maziwa yakamtoka, yakalowesha kitenge kifuani. Ilikuwa saa ya kumnyonyesha baba yangu.

Alivifungua vile vidole. Kimoja. Kimoja. Akakimbia. Nyuma yake mtoto alilia, halafu kilio kikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Alimsimulia mumewe yote. Kesho yake Zuberi alikwenda kutazama. Alikuta majivu na magugu. Tangu siku hiyo alianza tena kumtazama mke wake, na miaka iliyofuata wakazaa binti mwingine, shangazi yangu.

Kifundoni bibi alibaki na alama nyeusi ya vidole vitano vidogo. Aliifunga kitambaa, na hakukifungua tena mbele ya mtu.

Alikufa mzee sana. Mimi na shangazi ndio tuliomwosha. Tulipofungua kitambaa tuliiona ile alama. Haikuwa tena ya mtoto. Ulikuwa mkono wa mwanamke mzima, umezunguka kifundo chote, na kwenye kidole kimoja palikuwa na mstari mwembamba, mahali pa pete.

Shangazi alikirudisha kitambaa, akakaza fundo.

"Usimwambie baba yako," alinong'ona. "Ni kwa ajili yake mama alirudi."